Dawa ya deni ni kulipa, na mdaiwa ni benki

"Muamala ulifanyika kwa kadi yako na namba yako ya siri, kwa hiyo benki haihusiki." Hilo, au linalofanana nalo, ndilo jibu analokutana nalo kaunta mwenye akaunti aliyekwenda kulalamika kwamba fedha zake zimetolewa na mtu asiyemjua. Kisha anaambiwa aende polisi akachukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake, ajaze fomu, arudi nyumbani na asubiri kupigiwa simu.

Gazeti hili limelipima jibu hilo kwa sheria, kwa mantiki na kwa mwenendo wa nchi nyingine, na hukumu yetu ni kwamba halina mguu wa kusimamia. Fedha zikitoka bila idhini ya mwenye akaunti, hasara ni ya benki mpaka benki yenyewe ithibitishe vinginevyo. Kuthibitisha ni kazi yake. Na kazi hiyo iifanye ikiwa imekwisha kurudisha fedha, siyo mteja akae bila ada ya mtoto na bila kodi ya nyumba huku "suala linashughulikiwa makao makuu".

Tuanze na jambo ambalo benki zinalijua vizuri ila hazipendi kulitamka mbele ya mteja. Shilingi ukishaiweka benki si yako tena. Mwaka 1848 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, liliamua katika kesi ya Foley dhidi ya Hill kwamba fedha iliyowekwa inakuwa mali ya benki, nayo inaweza kuifanyia itakalo: kuikopesha, kuinunulia hati fungani, kuipatia faida bila kumuuliza aliyeileta. Mteja anabaki na dai. Yeye ndiye mdai, benki ndiyo mdaiwa. Kesi ya Joachimson ya mwaka 1921 ikaeleza deni hilo linalipwaje: mteja anapodai, na kwa agizo lake yeye mwenyewe. Tanzania, Kenya na Uganda ziliurithi msingi huo pamoja na sheria nyingine za Waingereza, na hatujasikia benki hata moja ikiulalamikia. Ungelalamikiwaje, wakati ndio unaoipa benki uhuru wa kufanya biashara kwa fedha za watu?

Benki si kibubu. Humo ndani hakuna kisanduku chenye jina lako na noti zako ulizozikunja mwenyewe. Kwa hiyo mhalifu anapochota shilingi milioni 3 kwenye mashine ya ATM saa nane usiku, amechota fedha za benki. Deni la benki kwako liko palepale, kwa kuwa wewe hukuagiza lipunguzwe. Benki inapoandika makato ya milioni 3 kwenye akaunti yako inafanya jambo moja tu: inachukua hasara yake na kukulipisha wewe. Inapokopesha kwa riba, fedha ni yake. Inapoibiwa, ghafla fedha ni yako. Haiwezi kuwa na yote mawili.

Kwenye hundi jambo hili halijawa na ubishi kwa zaidi ya karne. Sheria za hundi za Tanzania na Kenya, zote zikiwa zimezaliwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, zinaihesabu saini ya kughushi kuwa batili kabisa. Benki iliyolipa kwa saini hiyo imelipa bila agizo, hata kama saini imefanana na ya kweli kiasi cha kumdanganya karani makini. Mfano mkali kuliko yote ulitoka Hong Kong. Karani wa hesabu wa kiwanda cha pamba cha Tai Hing alighushi hundi zipatazo 300, zenye thamani ya karibu dola milioni 5.5 za Hong Kong, na wenye kampuni hawakugundua kwa miaka kadhaa. Benki zikajitetea kwamba mteja alikuwa akipelekewa taarifa za akaunti. Angezikagua angeuona wizi. Mwaka 1985 majaji wa Privy Council mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa za Hong Kong wakati huo, waliukataa utetezi huo. Mteja, walisema, asiandike hundi kizembe kiasi cha kumrahisishia mghushi, na akijua kuna wizi aiarifu benki mara moja. Basi. Kukagua taarifa ya akaunti kwa niaba ya benki si wajibu wake, isipokuwa mkataba uwe umesema hivyo kwa maneno yasiyo na utata.

Ikiwa kampuni yenye wahasibu wa kuajiriwa haikutwishwa mzigo huo, anatwishwa kwa sheria gani mkulima wa korosho wa Newala ambaye alifunguliwa akaunti ili malipo ya msimu yapitie humo, na taarifa ya akaunti hajawahi kuishika mkononi?

Kilichobadilika ni kwamba karatasi imekuwa plastiki na saini imekuwa tarakimu nne. Badiliko hilo benki zimelitumia kupindua sheria kimyakimya, bila Bunge kukaa. Zamani, benki ikidai saini ni yako, hundi yenyewe ilikuwepo. Ungeweza kumleta mtaalamu wa miandiko akaikagua. Leo ushahidi wote umo kwenye kompyuta za benki, unasomwa na wafanyakazi wa benki, na unatolewa mahakamani kama karatasi iliyochapishwa na benki. Tarakimu nne hazina mkono wa mtu. Akizibonyeza mwenyewe au akizibonyeza mwizi, rekodi ni ileile.

Hoja kwamba "namba ya siri ilitumika, basi mteja ndiye aliyetoa au ndiye aliyeitoa siri" imekwisha kuvunjwa maabara na mahakamani. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba kadi ya chipu iliyoibwa ingeweza kutumika kwenye mashine za malipo za madukani kwa tarakimu zozote zile, na bado rekodi ikaonyesha kuwa namba ya siri imehakikiwa. Mashine iliandika jambo ambalo halikutokea. Miongoni mwa watafiti hao alikuwemo Profesa Ross Anderson, aliyefariki mwaka 2024 baada ya miongo mitatu ya kuzisumbua benki kwa maswali ya aina hii.

Anderson aliyaeleza pia yaliyompata polisi mmoja wa Uingereza. Polisi huyo alirudi kutoka likizo, akakuta miamala asiyoijua kwenye akaunti yake, akailalamikia taasisi iliyomwekea fedha. Badala ya kurudishiwa, alishtakiwa kwamba anajaribu kuitapeli, na mwaka 1994 akatiwa hatiani. Ushahidi mkuu ulikuwa neno la taasisi kwamba mfumo wake haukosei. Rufaa ilipofika, mahakama ikataka wataalamu wa utetezi waruhusiwe kuukagua mfumo huo usiokosea. Taasisi ikakataa kuufungua. Mwaka 1996 polisi akaachiwa huru. Tunawaomba mawakili wa benki zetu waisome habari hiyo taratibu.

Marekani ilikuwa imekwisha kushika njia nyingine. Mwaka 1980, jijini New York, mwanamke mmoja aliishtaki Citibank kwa dola 800 zilizotolewa kwenye mashine wakati yeye, kwa barua ya mwajiri wake, alikuwa kazini. Benki ilileta karatasi za kompyuta. Jaji alimsikiliza mwanamke, akamwona mkweli, na akakataa kusema kwamba shahidi anayeaminika hana njia ya kuushinda "ushahidi" wa mashine. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1978 kuhusu uhamishaji wa fedha kwa njia ya elektroniki inaitaka benki ndiyo ithibitishe kwamba mteja aliidhinisha. Anderson, alipolinganisha nchi hizo mbili, alibainisha jambo ambalo kila mwenye duka anaweza kulielewa: benki za Marekani, zilizojua hasara ni yao, zilijifunza kuuziba wizi, ilhali za Uingereza, zilizojua hasara ni ya mteja, zililegea, zikaibiwa zaidi.

Hapa ndipo ilipo sababu yetu kubwa kuliko huruma. Mteja hawezi kubadilisha kufuli la mashine ya ATM. Hawezi kuona kwamba mtu amebandika kifaa cha kunakili kadi kwenye mdomo wa mashine hiyo. Hawezi kuamua kwamba mtu ambaye kwa miaka sita hajawahi kutoa zaidi ya laki mbili asiruhusiwe kutoa milioni tano kwa mikupuo kumi ndani ya saa moja. Benki inaweza yote hayo. Ukimbebesha hasara asiyeweza kuizuia, anayeweza kuizuia anapata likizo.

Angalia wizi wa laini. Tapeli anakwenda kwa wakala wa simu, au anashirikiana na mtu wa ndani, anadai laini imepotea, anapewa mpya yenye namba yako. Simu yako inakatika mtandao. Unadhani ni ubovu wa mnara. Wakati huo namba za uthibitisho zinazotumwa na benki zinaingia kwenye simu yake, naye anafungua huduma ya benki mkononi, anabadilisha neno la siri na kuhamisha fedha kidogokidogo kwenda kwenye namba za kampuni tofauti. Asubuhi kampuni ya simu inakuelekeza benki, benki inakuelekeza kampuni ya simu. Wote wawili wanakuelekeza polisi.

Sisi tunasema mkataba wako wa akaunti ni wako na benki. Nani alichagua ujumbe mfupi wa simu uwe ufunguo wa akaunti? Benki. Basi ikiwa kampuni ya simu ilimpa mwizi ufunguo huo, benki ikulipe wewe kwanza, kisha ikadaiane na kampuni ya simu huko kwenye ofisi zao zenye viyoyozi. Wala kinga haihitaji ufundi wa kutoka mbali. Msumbiji, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma, benki na kampuni za simu ziliunganisha mifumo yao ili kabla muamala haujapita benki iulize: laini hii imebadilishwa ndani ya siku mbili tatu zilizopita? Ikiwa ndiyo, muamala unazuiwa. Jirani ameweza. Benki yoyote ya kwetu isiyouliza swali hilo imechagua kutouliza, na gharama ya uchaguzi huo ni yake.

Kuhusu wizi wa ndani hatuna haja ya maneno mengi. Akaunti iliyolala, ya mjane asiyefika tawini, ya marehemu ambaye mirathi yake haijafunguliwa, haijulikani na mwizi wa barabarani. Inajulikana na anayeiona kwenye kompyuta. Benki ikimkamata mfanyakazi wake, inamfukuza na kumpeleka polisi, kisha inamwambia mteja asubiri kesi ya jinai iishe. Huo ni upuuzi. Tangu mwaka 1912, katika kesi ya Lloyd dhidi ya Grace, Smith, sheria imesema mwajiri anawajibika kwa utapeli wa karani aliyemweka mwenyewe kuhudumia watu, hata kama karani aliiba kwa faida yake binafsi. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri na mtuhumiwa. Deni ni la benki na mteja, na halimsubiri hakimu wa jinai.

Je, mteja asiwe na wajibu wowote? Anao, na hatutamlea. Anayeandika namba ya siri nyuma ya kadi, anayempa bodaboda kadi na namba akamtolee elfu hamsini, anayejua fedha zinatoka na kukaa kimya mwezi mzima, ana sehemu ya lawama. Mwaka 1932 Baraza lile lile la Malodi la Uingereza lilimnyima haki mume aliyejua kwamba mkewe anaghushi saini yake na akanyamaza. Lakini sehemu ya lawama hupimwa, haidhaniwi. Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilionyesha njia mwaka 2003 katika kesi ya kampuni ya wahasibu na benki iliyoitwa Solidbank. Tarishi wa kampuni alikiacha kitabu cha akaunti kaunta, aliporudi akaambiwa kimekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine, na siku hiyohiyo mtu asiyejulikana akatoa peso 300,000. Mahakama ilisema benki ilivunja mkataba kwa kumpa kitabu asiyekuwa mwenyewe, hivyo ilipe. Na kwa kuwa kampuni nayo ilizembea, ikabeba asilimia 40 na benki asilimia 60. Uzembe wa mteja ulipunguza deni, haukulifuta.

Yule aliyepokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" akatuma mwenyewe yuko katika fungu jingine, na ni lazima tuwe wakweli kwake. Yeye aliagiza, japo kwa kudanganywa. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema mwaka 2023, katika kesi ya Philipp dhidi ya Barclays, kwamba benki inayotii agizo la wazi la mteja wake mwenyewe haijavunja wajibu. Hata hivyo mdhibiti wa huko hakuishia hapo: tangu tarehe 7 Oktoba 2024 watoa huduma wanatakiwa kuwarudishia waathirika wengi wa utapeli huo hadi pauni 85,000, gharama ikigawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Hatudai hilo leo. Tunadai lile la chini yake, ambalo hata hatujalifikia: kwamba asiyeagiza asilipe.

Sheria ya ushahidi iko tayari upande huu. Kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinasema katika kesi ya madai jambo lililo katika ujuzi maalumu wa upande mmoja lithibitishwe na upande huohuo, na Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ina kanuni kama hiyo. Kama kuna jambo lililo katika ujuzi maalumu wa benki peke yake, ni kumbukumbu za mashine zake, picha za kamera zake na majina ya waliofungua akaunti yako kwenye kompyuta zake. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inamhakikishia mtumiaji ulinzi wa maslahi yake ya kiuchumi na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro ya huduma. Tanzania tunazo Kanuni za Benki Kuu za Ulinzi wa Watumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, zinazozitaka taasisi ziwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Lakini utaratibu wa kulalamika si haki ya kulipwa, na mwenye milioni mbili zilizoibwa hataajiri wakili wa milioni tatu ili akaisome kesi ya mwaka 1848 mbele ya hakimu. Na asidanganywe na neno bima: Bodi ya Bima ya Amana hulipa benki inapofilisika, si akaunti inapochotwa.

Kwa hiyo tunaitaka Benki Kuu iandike kanuni fupi, isomeke kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani katika kila tawi na kwa kila wakala. Mteja akiarifu kwamba hakuidhinisha muamala, fedha zirudi kwenye akaunti ndani ya muda uliotajwa, uchunguzi uendelee baadaye. Benki Kuu ya India, kwa waraka wa tarehe 6 Julai 2017, ilitoa siku 10 za kazi, na aliyearifu ndani ya siku tatu za kazi kuhusu wizi uliofanywa na mtu wa nje hadaiwi hata senti. Uingereza inataka fedha zirudi kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, isipokuwa benki iwe na sababu ya kumshuku mteja. Na kanuni zake za mwaka 2017 zinatamka kwamba rekodi ya kadi au namba ya siri kutumika, peke yake, si lazima iwe uthibitisho wa kutosha kwamba mteja aliidhinisha. Sentensi ile ya kaunta tuliyoanza nayo ingekufa siku hiyohiyo ikivuka bahari. Mteja aliyechelewa kuarifu awekewe kikomo, kama Marekani inavyoanza na dola 50 kwa anayearifu ndani ya siku mbili za kazi na kupanda hadi 500 kwa anayechelewa zaidi, ili ajue uzembe wake unagharimu kiasi gani badala ya kupoteza vyote. Picha za kamera na kumbukumbu za muamala unaolalamikiwa zihifadhiwe tangu siku ya malalamiko, na benki iliyozifuta ihesabiwe imeshindwa. Masharti ya mkataba yanayosema benki haitawajibika "kwa hali yoyote" yafutwe. Mengi yako kwa Kiingereza, kwa herufi za kuhitaji miwani, na aliyeyasaini alikuwa amefuata mshahara.

Benki zitasema kanuni kama hiyo itawavutia waongo wanaotoa fedha wenyewe kisha wakalalamika. Watakuwepo. Kamera zipo, rekodi zipo, na kosa la kujipatia fedha kwa udanganyifu lipo kwenye vitabu. Benki yenye ushahidi itawashinda. Isiyokuwa nao haikuwa na haki ya kukataa tangu mwanzo.

Kwa msomaji ambaye yamekwisha kumkuta, haya hayangoji kanuni mpya. Piga simu benki mara tu uonapo ujumbe, uifunge akaunti, na uandike saa na jina la aliyekupokea. Kesho yake peleka barua tawini, nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Ndani yake sema waziwazi kwamba hukuidhinisha muamala huo, unadai salio lako lote, na unataka picha za kamera na kumbukumbu za muamala zihifadhiwe na uoneshwe. Usisaini karatasi yoyote inayosema "nimeridhika" au inayokiri kwamba namba yako ya siri ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine kama haikuwa. Benki ikikataa, peleka malalamiko Benki Kuu ukiambatisha barua hiyo. Na usikubali kuambiwa kwamba umechelewa kwa kuwa mwaka umepita: Tanzania na Kenya, madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6.